Fundi wa Baridi

Kazi yangu ya kwanza baada ya kumaliza VETA Chang'ombe, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilikuwa ya kupoza karatasi. Kiwanda kimoja cha uchapaji Barabara ya Pugu kilitaka kijana wa kuangalia mitambo ya ubaridi kwenye ukumbi wa mashine. Mwezi Machi, masika yakinukia, karatasi hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, rangi nyekundu ikapigwa pembeni ya bluu, na mgombea kwenye bango akatoka na midomo miwili. Mzee aliyenipokea kazini alipenda kusimulia habari za Willis Carrier, mhandisi wa Marekani aliyebuni mtambo wa kudhibiti hewa mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, kilichokuwa kikisumbuliwa na balaa lilelile. Alisimulia kana kwamba ndiye aliyemshikia tochi. Kwa hiyo mimi nilikijua kiyoyozi kwanza kama kifaa cha kukausha hewa, na hadi leo nikiingia nyumbani kwa mtu nauliza habari za unyevu kabla ya joto.

Kiwanda kilikuja kupunguza watu, nikajikuta mtaani na geji zangu, mtungi wa gesi na pikipiki ya mkopo. Majumbani kazi inafuata pepo. Kaskazi ikianza kuvuma, kuanzia Novemba au Desemba, simu hailali. Kusi ikiingia, watu wanavuta mashuka, na fundi wa viyoyozi anaishi kwa friji za wauza samaki. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ulinifundisha jambo lingine. Kijenereta kidogo cha dukani kiliendesha taa, televisheni na mapangaboi yote ya nyumba, lakini kompresa ilipotaka kuanza kuvuta, kilikohoa kikazima. Wateja wangu wengi walirudia feni mwaka ule, na baadhi yao hawakunipigia tena.

Swali lao ni lilelile siku zote: "Fundi, ninunue kiyoyozi, au feni zinatosha?"

Feni haipozi chumba. Inasukuma hewa juu ya ngozi, jasho linakauka, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Kumbe pangaboi linalozunguka kwenye chumba kisicho na mtu linakula umeme bure, na mota yake inaongeza joto kidogo juu ya lile lililokuwemo. Nimekuta nyumba zinazoliacha likizunguka mchana kutwa "ili chumba kipoe mpaka tukirudi". Kiyoyozi chenyewe kinachukua joto la ndani na kulitupa nje, na njiani kinakamua hewa maji. Kinga ndoo kwenye mpira wake usiku wa Februari, asubuhi utakuta lita kadhaa. Hayo maji ndiyo yaliyokuwa yakikunyima usingizi. Dar es Salaam, miezi ya joto, jotoridi la mchana mara nyingi ni nyuzi 32 au 33 tu, wala si mji wa kutisha kwa kipimajoto. Kinachotuchosha ni hewa iliyoshiba maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda.

Kisha kuna LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia. Kiyoyozi cha BTU 9,000, ambacho mafundi tunakiita hospawa moja, kinavuta kama wati 850 kompresa ikiwa kazini. Kwa saa nane za usiku, kikiwaka na kukata, mimi huhesabu uniti nne hadi tano. Pangaboi la wati 70 kwa saa hizohizo linakula uniti 0.56. Mwenye tarifu ya kawaida, ambaye kwa bei nilizozizoea uniti humfikia kwa kama shilingi 356 ukijumlisha kodi na tozo, analipa hadi shilingi 1,780 kwa usiku wa kiyoyozi na kama shilingi 200 kwa usiku wa pangaboi. Anayeumia zaidi ni mwenye tarifu ya matumizi madogo, ile isiyotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi. Kiyoyozi peke yake kinazimaliza mwezi ukiwa katikati au umepita kidogo tu, kabla hajachemsha maji wala kupiga pasi.

Mzee mmoja wa Tabata, mstaafu, aliniita saa mbili usiku.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu, fundi. Nataka ile kubwa, hospawa mbili na nusu, ipige sebule yote."

Nikaomba stuli, nikapanda, nikaweka kiganja kwenye dari juu ya kochi. Dari ilikuwa na moto kama pasi iliyochomolewa punde, na jua lilishazama muda mrefu. Nikamwomba naye ashike. Juu yetu kulikuwa na bati la rangi ya maruni, paa refu lisilo na tundu hata moja la kupumulia, na chini yake jipsamu iliyozibwa kila pembe. Joto la mchana kutwa lilikuwa limefungiwa humo, linatushukia taratibu. Barazani kulikuwa na nafuu kuliko ndani. Pangaboi la sebuleni lilizunguka kivivu, mapanga yake unayahesabu. Nikafungua kikombe chake, nikakuta kapasita imevimba tumbo. Nikaweka nyingine ya mikrofaradi 2.5, kitu cha shilingi elfu chache pale Kariakoo, nikawasha. Kalenda ya ukutani ikaanza kupigapiga. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Kumbe lilikuwa linaumwa tu!"

Fundi paa akaja wiki iliyofuata kutoboa matundu pande zote mbili chini ya paa na kuyawekea wavu. Kiyoyozi mzee alinunua, lakini cha BTU 9,000, cha chumbani.

Madirisha nayo yana kesi yake. Haya ya alumini ya kusukuma ni mazuri kwa macho, ila ukisukuma kioo kimoja kinakwenda kufunika mwenzake, kwa hiyo dirisha zima linakupa nusu ya upepo ulioulipia. Nyumba za Kiswahili za Magomeni na Ilala zilikuwa na ukumbi unaonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Fungua milango miwili, upepo unapita bila kulipiwa uniti. Tumeyaacha hayo kwa hiari yetu, halafu tunakwenda dukani kununua upepo.

Kuna vyumba ambavyo sibishani. Fleti ya Kariakoo yenye dirisha moja linaloangalia ukuta wa jirani, kwa mfano, au chumba cha mgonjwa, au cha mtu anayefanya kazi usiku na kulala mchana chini ya bati. Hapo naweka kiyoyozi, nakiseti nyuzi 26, na pangaboi linazunguka polepole juu yake. Watu wanashusha hadi 16 wakidhani chumba kitapoa haraka. Hakipoi haraka. Kompresa ya kawaida inafanya kazi kwa nguvu ileile, ila haipati ruhusa ya kupumzika.

Ulaghai pia upo, na unaniudhi mpaka leo. Fundi anakuja kila mwaka "kuongeza gesi" na mteja analipa. Gesi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua pana mvujo. Kwenye nyumba za Upanga na Masaki hewa ya bahari yenye chumvi inakula mashine ya nje, mvujo unaanza, na anayejaza bila kuuziba anajihakikishia mteja wa mwakani.

Nyumbani kwangu kuna mapangaboi matatu na kiyoyozi kimoja, chumbani kwa mama yangu. Anakiwasha wageni wakija. Wakiondoka anakizima, anafungua dirisha, na kuniambia kwamba upepo wa mashine unamuuma magoti.