Bustani ya wikiendi Sofu na maji yanayobaki nyuma

Oktoba ni mwezi mzuri wa kwenda Sofu. Baridi ya kipupwe imekwisha, na lile joto la Desemba linalowahamishia watoto sakafuni usiku bado halijafika. Miembe imebeba maembe mabichi, mabibo yameanza kudondoka chini ya mikorosho. Kutoka katikati ya Dar es Salaam hadi Kibaha ni takribani kilomita 40 kwa Barabara ya Morogoro. Sisi tulishuka Picha ya Ndege, bodaboda zikamalizia.

Huku kuna familia nyingi zinazoishi Dar na kuja shamba mwisho wa wiki. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Nyuma ya nyumba ana matuta sita: mchicha, matembele, bamia, nyanya chungu na mengine ambayo kuku wa jirani wameyamaliza. Udongo ni kichanga, ukiumwagia maji yanapotea palepale. Kwa hiyo anachanganya mbolea ya kuku iliyokwisha kuoza vizuri, kisha anatandaza nyasi kavu juu ili unyevu usikimbie. Mbolea mbichi ya kuku huunguza mimea, na mikono ya mtoto iliyoishika isiende mdomoni kabla ya kunawa kwa sabuni.

Watoto wa dada yangu walikabidhiwa tuta la mchicha. Kwa mzazi anayetaka mtoto aone matunda ya kazi yake haraka, anzeni na mchicha, kwa kuwa ndani ya wiki tatu hadi nne unavunwa. Yule wa miaka sita, ambaye mjini husukuma mboga pembeni ya sahani kama anachambua mawe kwenye mchele, alikula ule wa tuta lake na kuulizia mwingine. Sidai kwamba dawa hii inafanya kazi kwa kila mtoto.

Mabibo yanahitaji jicho la mzazi. Tunda lenyewe halina neno zaidi ya kuchafua nguo. Hatari iko kwenye korosho mbichi inayoning'inia chini yake, kwa sababu ganda lake lina mafuta makali yanayobabua midomo na ngozi. Mtoto asiing'ate wala kuipasua kwa meno.

Lakini kilichonishughulisha zaidi Sofu ni pipa. Bustani ya kiangazi inaishi kwa maji ya akiba, na kila nyumba niliyopita ilikuwa na mapipa, ndoo na beseni nyuma ya jiko. Mwenye nyumba anayajaza Jumapili, anafunga mlango, anarudi Jumamosi au wiki inayofuata. Hapo ndipo hesabu inapokuwa mbaya: yai la mbu katika joto letu huweza kufika hatua ya mbu anayeruka ndani ya siku saba hadi kumi. Familia inaporudi kupumzika, inapokelewa na kizazi kipya.

Mbu wa homa ya dengue, ambayo iliitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda hasa maji ya vyombo vya nyumbani. Huuma mchana, wakati watoto wako bustanini na chandarua kimekunjwa. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakiyafikia. Kumwaga tu hakutoshi, ukuta wa pipa usuguliwe kwa brashi.

Kibaha hiyohiyo kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba kutengeneza viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi vya mbu. Hata hivyo, kwa pipa la nyumbani, mfuniko unaobana ndio wa kwanza. Pia humzuia mtoto mdogo asitumbukie, na huyo anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

Nilipomwonyesha mama mdogo viluwiluwi vikicheza kwenye beseni, alicheka.

“Mwanangu, hivyo tumekua navyo.”

“Ndiyo, mama. Na homa pia tumekua nazo.”

Alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana anayemlindia nyumba. Wakakubaliana: kila Jumatano maji yaliyobaki kwenye beseni na ndoo yanamwagiwa bamia, vyombo vinasuguliwa na kulazwa kifudifudi. Pipa kubwa, ambalo mfuniko wake ulipotea zamani, lilifungwa kipande cha chandarua kikuukuu na kukazwa kwa mpira wa baiskeli.

Mvua za vuli zikianza hatahitaji pipa sana. Ila chini ya minazi yake kuna vifuu vya nazi visivyohesabika, na kila kimoja kitajaa maji. Watoto wameahidiwa shilingi mia kwa kila vifuu kumi watakavyookota.