Naenda Maskati Kutembea

Jaribu kumwambia mtu yeyote wa mjini kwamba unakwenda Maskati. Ikiwa ni mwanamke, na una miaka 22 kama mie, sentensi huimalizi. "Umepata kazi kwa nani?" Hilo ndilo swali la kwanza. La pili: "Mkataba umeusoma?" Nimeulizwa na muuza urojo, nimeulizwa na konda wa daladala ya Tunguu, na nimeulizwa katika ofisi moja niliyokwenda kufuatilia karatasi. Hapo kijana aliyekuwa nyuma ya meza alinitazama juu mpaka chini, kisha akasema kwa sauti ya huruma, "Dada, sema kweli tu, tutakusaidia." Nikamwambia naenda kutembea, siku nne. Akamwita mwenzake aje asikie.

Sisi tunaokaa Mji Mkongwe tunaijua safari ya siku nne kuliko watu wengi duniani. Tunaiona kila siku ikipita mbele ya baraza zetu. Siku ya kwanza mjini, ya pili mashamba ya viungo Kizimbani, ya tatu kima punju wa Jozani, ya nne Changuu kutazama makobe. Mie nimekulia Mkunazini, naweza kukwambia mgeni atasimama wapi kupiga picha ya mlango kabla mwenyewe hajajua. Hakuna anayemuuliza Mtaliana amepata kazi kwa nani. Lakini mtoto wa Mkunazini akisema na yeye anataka kwenda kutazama mji wa watu, ama ana kazi, ama ana mchumba, ama ana maradhi anakwenda kutibiwa.

Sababu yangu ni nyepesi. Nasomea ualimu, masomo yangu ni Jiografia na Kiswahili. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa na kidato cha pili, tunasoma jangwa, nikichora ubaoni milima isiyo na majani. Mtoto mmoja wa mbele akauliza, bila ya utundu wowote, "Mwalimu, wewe umeliona?" Nikamwambia bado. Neno "bado" likanikaa kichwani. Nikaanza kuweka pesa.

Kwa nini Maskati na si Dubai, ambako kila mtu anataka kupiga picha? Kwa sababu Maskati ina Bibi.

Bibi yangu mzaa mama ana mdogo wake kule, sote tunamwita Bibi wa Maskati. Alikwenda na mumewe mwaka 1974. Historia hiyo wengi wenu mnayo majumbani, hata kama haizungumzwi mezani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kuna waliokimbia na kutawanyika. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, aliwaita watu wenye asili ya Oman waliokuwa nje warudi kuijenga, maana nchi ilikuwa na mafuta lakini skuli na watu waliosoma walikuwa wachache mno. Waliotoka Unguja na Pemba wengi walikuwa wamesoma, wakaingia katika wizara, mabenki, hospitali na kampuni ya mafuta. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kusikia Kiswahili katika maduka ya Maskati. Bibi na mdogo wake wameonana mara ya mwisho 2009, hapa hapa Unguja. Bibi sasa ana presha na magoti hayamsikii, ndege hapandi tena.

Nisije nikaonekana nawacheka wale wanaoniuliza habari za mkataba. Hofu yao ina msingi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Emirati: wapo walionyang'anywa pasi, walionyimwa mishahara, waliofanyishwa kazi bila ya mapumziko, na mengine mabaya zaidi. Mtaani kwetu tunao waliorudi na nyumba ya matofali, na tunao waliorudi hawataki kusema kitu. Kwa hiyo mtu akiniuliza najibu kwa adabu. Linaloniuma ni kwamba jibu langu halikubaliki, kama vile safari ya kwenda kutazama tu ina watu wake, na sisi hatumo.

Basi tuje kwenye mpango wenyewe, kwa sababu najua kuna watakaotaka kuuiga.

Tunakwenda wawili, mie na mwenzangu wa chumba. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000, na hiyo ianze mapema, usingoje mpaka uone tiketi rahisi. Viza lazima uombe kabla. Ubalozi mdogo wa Oman uko hapa hapa mjini, huna haja ya kuvuka maji kwenda Dar kuuliza. Rial moja ya Oman inakaribia dola 2.60, kwa pesa yetu ni kati ya shilingi elfu sita na elfu saba, na inagawika katika baisa 1,000. Hesabu hiyo uizoee kabla hujaondoka, la sivyo utanunua chai ya "nusu tu" ukaona rahisi, kumbe umetoa zaidi ya elfu tatu. Tiketi ya kwenda na kurudi tuliyoonyeshwa ni milioni moja na laki moja na nusu. Mie nimeipata kwa tuisheni ya watoto wa darasa la sita, jioni nne kwa wiki, miezi kumi na moja. Bumu sijaligusa. (Kwa wanaosema wanafunzi wa ualimu hatujui hesabu.)

Wakati nao ni mtihani. Likizo yetu ndefu inaangukia miezi ambayo Maskati joto linapita nyuzi 40, na watu wanatembea kutoka kivuli hadi kivuli. Wakati mzuri ni kati ya Novemba na Machi. Mapumziko ya katikati ya semesta yanafaa, ila safari hii Ramadhani imeingia humo humo, kwa hiyo tumesogeza mpaka baada ya Idi: tunafika Jumatano asubuhi, tunaondoka Jumamosi usiku. Kumbukeni kule mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi.

Kosa ambalo wageni wengi hufanya, nilivyoelezwa na kila aliyefika, ni kudhani Maskati ni mji wa kuzunguka kwa miguu kama huu wetu. Hapa ukitoka Malindi mpaka Shangani hujamaliza hata maji ya chupa ndogo. Maskati ni mji mwembamba na mrefu, umebanwa kati ya bahari na milima ya mawe. Kutoka Maskati ya zamani mpaka Seeb, anakokaa Bibi wa Maskati, ni karibu sawa na kutoka hapa mpaka Nungwi, na njia yote hiyo bado unahesabiwa uko mjini. Kwa hiyo panga kwa upande, usipange kwa kupenda. Upande wa mashariki una Mutrah na soko lake, kisha ngome mbili za Jalali na Mirani ambazo Wareno walizijenga mwishoni mwa karne ya 16, kasri ya Al Alam katikati yao, na Makumbusho ya Taifa yaliyofunguliwa 2016 yakitazamana na kasri. Hiyo ni siku nzima, au mbili kama ni mtu wa kusoma kila kibao. Mabasi mekundu ya Mwasalat yana kituo kikubwa Ruwi, karibu na huko, na yapo yanayofuata barabara ya Sultan Qaboos kuelekea Seeb. Teksi tumeziacha kwa dharura.

Mutrah ndipo ninapopataka zaidi. Huko ndiko majahazi yalikotoka kuja kwetu na pepo za kaskazi. Seyyid Said, aliyehamishia makao yake Unguja, alikufa baharini mwaka 1856 akiwa njiani kutoka Maskati kurudi huku. Tumesoma hayo, tumeyafanyia mtihani, na Beit al Ajaib tumeishi kuiona ikisimama na, Disemba 2020, sehemu yake ikianguka, na yenyewe ilikuwa inatengenezwa kwa msaada wa Oman. Nataka kuuona upande wa pili wa hadithi hiyo kwa macho yangu, bandari ile, nijue jahazi lilikuwa likiacha nini nyuma.

Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos umetupa shida ambayo hatukuitarajia. Ulifunguliwa 2001, na una zulia moja la kuswalia lililofumwa na wafumaji wa Iran kwa miaka minne, kipande kimoja kinachoenea ukumbi mzima. Tukasema sisi Waislamu, tutaingia kuswali tu, ya nini kufuata saa za wageni? Kumbe zulia liko katika ukumbi mkuu, wa watu 6,500, ambao wanaswali wanaume. Wanawake wana ukumbi wao pembeni, wa watu 750. Maana yake tukienda kama waumini zulia hatulioni. Tukitaka kuliona lazima twende saa mbili mpaka saa tano asubuhi, siku isiyokuwa Ijumaa, tupange foleni pamoja na Wajerumani. Mwenzangu amecheka mpaka machozi. Tumeamua Alhamisi tutakuwa watalii, na kama Mungu akipenda tutarudi kwa swala siku nyingine.

Lakini yote hayo ni rahisi mbele ya Bibi. Nilipomsomea ratiba yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na kwa watu utakwenda lini?" Nikamwambia Ijumaa, siku ambayo asubuhi mji wote umefunga. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo mdogo wangu ni wa siku ya kufungwa maduka."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mie na Bibi tunatumia neno moja kwa mambo mawili. Kwangu kutembea ni kwenda kuona mahali. Kwake kutembea ni kwenda kwa watu, na ukifika mji wenye jamaa yako ukalala hoteli umemtukana yeye na umenitukana mie niliyekutuma. Nami nazijua hizo ziara: kila nyumba ina chakula cha mchana, ukikataa wamekasirika, ukikubali imeshafika magharibi. Nyumba nne, siku nne, na umerudi Unguja umeona kapeti za sebuleni tu. Tulibishana kwa wiki. Hoteli nimeiacha, tutalala Seeb. Ijumaa yote ni yake. Jumatano na Alhamisi ni zangu. Jumamosi ilibaki inagombaniwa.

Halafu kuna mzigo. Nina kilo 23. Bibi ameshatoa kanga sita, ubuyu, achari ya embe, pilipili manga, karafuu za shambani kwa mjomba Pemba, na mkeka wa ukindu aliousuka mtu kwa oda. Nguo zangu nitazivaa moja juu ya nyingine.

Juzi usiku nimempigia Bibi wa Maskati mwenyewe, kumweleza kuhusu Jumamosi kwa upole kabla Bibi hajamweleza kwa ukali. Nikamwambia nilikuwa nataka Makumbusho ya Taifa, kuna ukumbi mzima wa mambo ya bahari na mwengine wa Oman na dunia, ila kama ameshawaita watu basi. Akauliza iko wapi. Nikamwambia mbele ya kasri. Akasema, "Mwanangu, mie nimekaa huku miaka hamsini, hapo napapita kwenye gari. Sijaingia." Kimya kidogo. "Kiingilio kiasi gani?"

Watu wa chakula cha Jumamosi ameshawahamishia usiku wa Ijumaa. Sasa namtafuta mtu wa kuniambia kama makumbusho yale yana kiti cha magurudumu, maana magoti yake ni yale yale ya dada yake.