Binti wa Kalerwe na Kazi Isiyo na Mshahara

Wazazi wengi wa mijini wamekwisha kuzoea kumwona mtoto waliyempeleka chuo kikuu akikesha mbele ya kompyuta, na kwa kuwa hawaoni jembe wala shoka mkononi mwake, huwa wepesi wa kudhani kwamba anacheza. Dhana hiyo haina haki, ila haishangazi. Kazi nyingi za siku hizi hazina vumbi wala kelele, na nyingine hazina hata mshahara. Juu ya hizo za mwisho, mama mmoja auzaye mihogo katika soko la Kalerwe, kaskazini ya mji wa Kampala, alibishana na binti yake kwa majuma mengi mwanzoni mwa mwaka 2025.

Binti huyo ni mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere. Hakupanga chumba Kikoni wala Wandegeya kama wafanyavyo wenzake. Hulala kwa mama yake, na kila asubuhi hupanda kilima kwa miguu. Karo yake yatoka katika mihogo. Sehemu ya mihogo hiyo hununuliwa kwa jumla kutoka kwa wenye malori, na sehemu hutoka katika shamba dogo la ukoo huko Luweero. Msomaji mwenye mtoto shuleni hahitaji kuelezwa jinsi fedha ya namna hiyo ihesabiwavyo.

Basi binti akamweleza mama yake kwamba anaomba nafasi ya kuchangia katika mradi mmoja wa masomo ya akili bandia, ambao programu zake ni huria. Mama akauliza swali moja tu: "Watakulipa kiasi gani, mwanangu?" Binti akajibu kwamba huenda wakamlipa, huenda wasimlipe, lakini kwanza sharti awafanyie kazi ili waone uwezo wake. Hapo ndipo ubishi ulipoanza.

Yafaa ieleweke programu huria ni kitu gani, maana jina lenyewe laweza kupotosha. Programu ya kompyuta ni maagizo yaliyoandikwa na binadamu. Makampuni mengi huyaficha maagizo hayo kama mpishi afichavyo siri ya mchuzi wake, na mnunuzi hupewa sahani tu. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja, Richard Stallman, alitangaza kazi ya kutunga programu ambazo kila mtu angeruhusiwa kuzisoma, kuzirekebisha na kuzigawa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha programu ya kuendeshea kompyuta, kiitwacho Linux, na maelfu ya watu wasiojuana wakakiongezea kazi zao. Simu nyingi zinazouzwa Kampala leo zinatumia Android, ambayo ndani yake mna Linux hiyo hiyo. Kwa hiyo mama wa Kalerwe, apokeapo malipo ya mihogo kwa simu yake, anatumia jasho la watu ambao hakuwalipa hata senti. Binti alimweleza jambo hilo. Mama alitazama simu, akasema kwamba aliinunua kwa fedha taslimu na risiti anayo.

Siku hizi zipo njia za kuwalipa vijana wanaoingia katika kazi hii. Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005, huwapa posho wanaokubaliwa kufanya kazi katika miradi huria kwa kipindi maalumu. Outreachy nao huwatazama hasa wale ambao kwa desturi hawaonekani katika fani hii, wanawake wakiwamo, na posho yake imekuwa dola 7,000 za Marekani kwa miezi mitatu. Kwa nyumba ya muuza mihogo fedha hizo ni nyingi kupita kiasi. Mlango wenyewe, hata hivyo, una sharti: mwombaji huanza kwa kuchangia kitu, japo kidogo, akaguliwe mbele ya watu wote, ndipo ombi lake litazamwe. Mama alilifananisha sharti hilo na fundi cherehani anayeambiwa ashone gauni zima kwanza, kisha asubiri kuelezwa kama ameajiriwa. Mfano wake haukuwa mbali na ukweli. Kijana wa nchi tajiri aliye na umeme na intaneti nyumbani hupoteza majuma machache akikataliwa. Binti wa Kalerwe hupoteza majuma hayo hayo pamoja na fedha ya bando, ambalo tangu Julai 2021 linatozwa kodi ya asilimia 12 nchini Uganda, na pamoja na saa ambazo angekuwa sokoni kumsaidia mamaye.

Mradi aliouchagua hutayarisha masomo ya kuwafundisha wanaoanza namna mashine inavyojifunza kutambua picha. Somo la kwanza lilitumia picha za maua ya bustani za Ulaya, nalo lilimtaka mwanafunzi apakue mafaili makubwa kabla hajaandika mstari hata mmoja. Binti alipolijaribu, bando lake liliisha katikati. Badala ya kulalamika, alipendekeza somo jingine litumialo majani ya mihogo.

Hakuitoa fikra hiyo hewani. Maabara ya akili bandia ya Makerere imefanya kazi juu ya magonjwa ya mihogo kwa miaka mingi. Wakulima wa Uganda walipiga picha za mimea katika mashamba yao kwa simu, wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao iliyoko Namulonge wakatamka ugonjwa wa kila jani, na mwaka 2020 picha 21,367 zikatolewa katika mashindano ya wazi ya Kaggle ili watu wa dunia nzima wajaribu kuifundisha mashine. Makundi yake ni matano: mnyauko bakteria, michirizi kahawia, utitiri wa kijani, batobato, na jani lenye afya. Kwa watu wa Luweero hayo si maneno ya kitabuni. Wimbi kali la batobato lililotapakaa Uganda na nchi jirani lilionekana kwanza kaskazini ya Luweero mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifuta mashamba na kuleta njaa, hasa mashariki na kaskazini ya nchi. Mama alikuwa mtoto wakati huo. Anakumbuka majani yaliyojikunja kama ngozi ya mzee, na anakumbuka chakula kilicholiwa badala ya muhogo, ambacho hapendi kukitaja.

Binti alichagua picha mia chache tu, akazipunguza ukubwa, akalipanga somo ili liweze kubebwa katika flashi na kufanya kazi katika kompyuta kuukuu isiyo na intaneti. Wale waliokuwa na watoto shuleni Machi 2020, shule za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya korona, wasifunguliwe wote hadi Januari 2022, wanajua kwa nini jambo hilo lina uzito. Kaka yake mdogo alikuwa darasa la tatu. Masomo yaliyopitia redioni yalimkuta nyumbani pasipo betri, na yaliyopitia intaneti hayakumkuta kabisa. Katikati ya kipindi hicho, Januari 2021, intaneti yenyewe ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi mkuu.

Katika kulitunga somo hilo aligundua jambo ambalo mwalimu yeyote angelifurahia. Katika zile picha 21,367, zaidi ya sita katika kila kumi ni za batobato. Mashine iliyo mvivu, isiyotazama jani hata moja, ikijibu "batobato" kila iulizwapo, itapata zaidi ya asilimia 60. Darasani alama hizo humpandisha mtoto kwenda darasa linalofuata. Binti akaliweka jambo hilo mwanzoni mwa somo: mwanafunzi aijenge kwanza mashine hiyo mvivu, aone alama zake nzuri, kisha aiulize juu ya michirizi kahawia na kuona kwamba haikupata hata moja.

Jioni moja alimwonyesha mama yake picha za majani yaliyoandikwa kuwa yana afya. Mama alizipitia huku akimenya. Akasema, "Mwanangu, jani zuri si muhogo mzuri. Umeng'oa?" Kisha akachukua muhogo kutoka katika gunia, akaukata katikati, akamwonyesha madoa makavu ya rangi ya kahawia ndani ya nyama nyeupe. Muuza mihogo huyajua madoa hayo kwa uchungu, kwani mteja akiyakuta humrudishia mzigo. Ndiyo michirizi kahawia, na ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonyesha dalili hafifu sana huku chini mizizi ikiwa imekwisha kuoza. Mkulima huja kuambiwa ukweli siku ya kuvuna.

Binti aliliongeza neno hilo katika somo, kwa sentensi iliyo wazi: mashine hii huona jani tu, mzizi hauonekani katika picha. Mmoja wa wakaguzi wa mradi, mtu wa mbali asiyejulikana kwa sura, akauliza habari hiyo imetoka wapi. Jibu la kweli lilikuwa kwamba imetoka katika gunia la mama. Lakini mkaguzi alitaka andiko, na alikuwa na haki. Siku mbili zikapita binti akisoma maandiko ya watafiti, ambamo alikuta waliyaeleza hayo hayo kwa maneno marefu zaidi.

Baada ya hapo mama aliacha kuiita kazi hiyo mchezo. Alianza kuuliza swali gumu kuliko lile la mshahara. Shangazi mtu, ambaye kwa Waganda huitwa ssenga na ndiye mwenye neno katika mambo ya mabinti, alikuja siku ya Jumapili kusuluhisha. Akasema kwamba hiyo ni bulungi bwansi, ile kazi ya pamoja ya Buganda ambayo kwayo watu walitengeneza barabara na kusafisha visima bila malipo, kwa faida ya nchi. Mama akamjibu kwa adabu, "Sawa, ssenga. Lakini barabara ya bulungi bwansi hupita mlangoni kwangu, na maji ya kisima nayachota mwenyewe. Hii kazi ya mtoto inapita mlango wa nani?"

Swali hilo halijibiwi kwa sentensi moja, na wenye kulipuuza hawaitendei haki kazi yenyewe. Leseni ya programu huria humruhusu kila mtu kuitumia, na "kila mtu" ni pamoja na kampuni kubwa ya ng'ambo iwezayo kuchukua picha za mkulima wa Uganda, kuifundishia mashine yake, na kumrudishia mkulima yule yule kwa bei. Kwa upande wa pili, kazi iliyofungwa kabatini haimfikii hata mwanafunzi wa Gulu. Waafrika wenyewe wamelitazama jambo hili. Masakhane, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2019 na ambayo jina lake la Kizulu lina maana ya kujenga pamoja, imekuwa ikitayarisha zana za lugha za Afrika bila kungojea wageni. Mjini Kampala, shirika la Sunbird AI kwa kushirikiana na Makerere lilitoa sentensi 25,000 zilizotafsiriwa kwa Kiganda, Kiacholi, Kilugbara, Kiteso na Kinyankole, zikawekwa wazi. Barabara ya namna hiyo inaanza kupita mlangoni, ingawa polepole.

Barua ya maombi ilimsumbua binti kuliko msimbo. Katika rasimu ya kwanza alijieleza kuwa mwenye shauku kubwa na mapenzi makuu ya teknolojia, maneno ambayo wakaguzi wa maombi huyasoma mara mia kwa siku. Akayafuta. Akaandika kwamba somo la zamani lilimmalizia bando, kwamba somo jipya linaingia katika flashi, kwamba mashine mvivu hupata zaidi ya asilimia 60, na kwamba katika miezi ya posho angetunga masomo manne zaidi ya namna hiyo na kuyajaribu pamoja na walimu wa sekondari. Barua ikawa fupi kwa nusu. Aliituma kutoka maktaba ya chuo, ambako intaneti hailipiwi kwa bando lake.

Jibu lilikuja Mei. Somo la mihogo limekubaliwa, na jina lake limeandikwa katika orodha ya wachangiaji. Nafasi ya posho wamepewa wengine. Anakaribishwa kuomba tena katika awamu ijayo. Mama alilisikiliza jibu hilo mpaka mwisho, akakaa kimya, kisha akahesabu kwa sauti fedha ya bando iliyotumika tangu Februari. Haikuwa ndogo. Hakusema kwamba alionya, ijapokuwa alionya.

Siku chache baadaye akauliza kama somo hilo laweza kusomwa na mtunza shamba wa Luweero, ambaye Kiingereza kinampiga chenga. Haliwezi, bado. Basi jioni, baada ya kufunga meza ya sokoni, wakaanza kulifasiri kwa Kiganda, binti akiandika na mama akimenya, na ssenga akija siku za Jumapili. Sentensi isemayo kwamba mashine huona jani tu ndiyo iliyowachelewesha zaidi. Mama alitoa neno lake la "kuona", ssenga akalikataa akisema kwamba kitu kisicho na macho hakiwezi kupewa neno hilo, na hadi mwisho wa mwezi walikuwa hawajapatana.