Tulimwita Meli, kumbe alikuwa anakatika pumzi

Leo tunaandika habari ya kukoroma. Mtacheka kidogo mwanzoni, hata sisi tulicheka.

Tukitoka Nakivale kuja Kampala kwa shughuli za kikundi, tunalala Port Bell kwa kaka yetu mmoja. Kwetu Kivu mtu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita Yaya, basi naye ni Yaya wetu. Chumba ni kimoja, magodoro matatu, watu sita. Yaya akianza kukoroma, hata honi ya meli ya mizigo pale bandarini inaona haya. Ndiyo maana tulimbandika jina la Meli.

Mchana alikuwa anasinzia kila mahali: kanisani, kwenye foleni, hata akiwa na tonge mkononi. Kazi ya ulinzi wa usiku akafukuzwa. Akaanza kuendesha boda. Siku moja akasinzia kwenye Port Bell Road akiwa amebeba mama na mtoto wake, wakaishia mtaroni. Mungu alisaidia, ikawa michubuko tu. Sisi tukasema ni uvivu. Wengine wakasema jinamizi linamkalia kifuani.

Usiku mmoja mwenzetu alikuwa macho na simu yake. Akasikia Yaya anakoroma, halafu kimya. Akahesabu sekunde 25. Kisha Yaya akashtuka kama mtu aliyetolewa majini, akavuta hewa kwa nguvu, akaendelea kukoroma. Baada ya dakika mbili, kimya tena. Tulipomwamsha hakukumbuka chochote. Hapo kicheko kiliisha.

Kliniki moja ya mtaani ilimpa vidonge vya usingizi. Ikawa mbaya zaidi. Baadaye, kwa daktari wa masikio, pua na koo, ndipo tulielewa. Mtu akilala, nyama za koo zinalegea. Kwa wengine zinalegea mpaka zinaziba njia ya hewa. Pumzi inakatika sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua, anapumua, inaziba tena. Ikitokea mara 5 mpaka 14 kwa saa, ni nyepesi. Mara 15 mpaka 29, ni ya kati. Kuanzia 30, ni kali. Ikiachwa, inakwenda pamoja na presha, ugonjwa wa moyo na kiharusi, tena inaleta ajali. Vidonge vya usingizi na waragi vinalegeza koo zaidi. Kumbe sisi tuliokuwa tunamnunulia kidogo "alale vizuri" tulikuwa tunamkaba.

Daktari alimuuliza maswali 8, yanaitwa STOP-Bang, yalitungwa Toronto, Kanada. Unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna mtu amekuona pumzi ikikatika? Una presha? Uzito umezidi sana? Umepita miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Ni mwanaume? Ukijibu ndiyo mara 3 au zaidi, uchunguzwe. Zikiwa 5, hatari ni kubwa. Yaya alipata 6. Ninyi mnaofanya kazi kambini, angalieni: hapo inatakiwa futi ya fundi cherehani, mzani na kipimo cha presha tu. Hayo hayatoi jibu la mwisho, jibu linatoka kwenye kipimo cha usiku mzima, lakini yanaonyesha nani apelekwe kwanza.

Sasa matibabu. Yako mengi, na mengine hayana bei. Kulala ubavu kunasaidia wengi, maana ukilala chali ulimi unarudi nyuma. Tulishona mfuko mgongoni mwa fulana ya Yaya, tukatia mpira mdogo. Akigeuka chali, mpira unamchoma, anarudi ubavuni. Pombe ameacha. Kwa mnene, kupunguza uzito ni dawa kweli: ukipunguza asilimia 10, kukatika kwa pumzi kunaweza kupungua karibu robo. Lakini msidhani ni ugonjwa wa wanene peke yao. Mwembamba mwenye taya dogo naye anaupata. Na mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, mara nyingi ni tonsili na tezi za nyuma ya pua zimevimba. Kwake upasuaji wa kuziondoa ndiyo tiba ya kwanza.

Kwa hali nyepesi au ya kati, daktari wa meno anaweza kutengeneza kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele. Kwa hali kali, tiba kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa na kuweka koo wazi, wanaiita CPAP. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Kabla ya hapo, mgonjwa mahututi alitobolewa shingo ili apumue.

Bei ya mashine tuliposikia, tulinyamaza. Ilizidi kodi ya chumba chetu ya mwaka mzima. Tena inataka umeme usiku kucha, na kwetu Yaka ikiisha saa nane za usiku, ni giza mpaka asubuhi. Kambini je, kwenye taa ya sola? Hilo tunawaachia ninyi wa mashirika: mkitoa mashine, fikirieni na betri.

Yaya bado anasubiri kipimo cha usiku. Boda amemrudishia mwenyewe, hataki kuua mtu. Anauza mukene asubuhi na anakunywa dawa ya presha. Mpira haujamponya, lakini ukimya umepungua, na sisi tunalala kwa zamu, mmoja anasikiliza.

Jina la Meli tumelifuta. Leo usiku, kama kuna mtu anakoroma pembeni yako, usimpige teke kwanza. Msikilize. Akinyamaza, hesabu.