Feni za Kompyuta: Njia ya Hewa Kwanza, Idadi Baadaye

Wasomaji wangu, leo naweka kando mambo ya programu niandike kuhusu feni. Kila nikitoka Migori kwenda Homa Bay hukutana na swali lile lile: kompyuta yangu inajizima yenyewe mchana, nifanyeje? Na kabla sijafungua mdomo, mtu mwingine huwa ameshajibu: ongeza feni. Jibu hilo limewafanya watu wengi wanunue feni, na kompyuta zao zimebaki na joto lile lile, ila sasa zina kelele zaidi.

Mimi nasema hivi: kabla ya kuhesabu feni, tafuta njia ya hewa. Inaingia wapi, inapita juu ya nini, inatokea wapi? Ukishindwa kujibu maswali hayo matatu, weka bisibisi chini kwanza.

Feni haitengenezi baridi. Kazi yake ni kusukuma hewa, basi. Hewa ya chumbani inaingia, inabeba joto la prosesa, diski na pawa saplai, kisha inatoka. Ndiyo maana hakuna feni itakayofanya ndani ya kasha kuwe na baridi kuliko chumba chenyewe. Kama chumba chako ni cha mabati bila silingi na kina nyuzi 33 saa nane mchana, hesabu yako inaanzia 33.

Tupige hesabu kidogo, si ngumu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Homa Bay uko ukingoni mwake. Kwa urefu huo na kwa joto letu, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa karibu kilo 1. Pwani kule Mombasa hewa ni nzito zaidi, karibu kilo 1.15. Kilo moja ya hewa inahitaji joule 1,000 hivi ili ipande nyuzi moja. Sasa chukua kompyuta inayokula wati 150. Kwa dakika moja inatoa joule 9,000 za joto. Ikipitisha mita moja ya ujazo ya hewa kwa dakika, hewa hiyo inatoka ikiwa imepanda nyuzi 9. Ikipitisha nusu ya hapo, kwa sababu vumbi limeziba matundu, inapanda nyuzi 18. Chumba kina nyuzi 31, kwa hiyo hewa inayotoka nyuma ina 49, na prosesa yenyewe iko juu zaidi ya hapo. (Kwenye boksi la feni huandikwa CFM. CFM 35 ni karibu mita moja ya ujazo kwa dakika, lakini hiyo ni feni ikiwa wazi mezani. Ndani ya kasha lenye nyaya na wavu hupati hata nusu wakati mwingine.)

Umeona hapo? Hewa yetu ya ziwani ni nyepesi kuliko ya pwani, kwa hiyo kila mita ya hewa inabeba joto kidogo zaidi ya kumi kwa mia pungufu. Hatuna hewa ya kupoteza. Ile inayoingia lazima ifanye kazi.

Sasa niwape mfano. Shangazi yangu ana saiba ndogo Homa Bay, kompyuta sita, zote ni zile za ofisi zilizotumika Ulaya zikaletwa huku. Watu huja pale kutuma ritani za KRA, kuchapa barua za kazi, kuskani vyeti. Mnajua mwisho wa Juni unavyokuwa, kila mtu anakumbuka ritani siku tatu za mwisho. Wiki ya mwisho ya Juni 2023, kompyuta mbili zikawa zinajizima kila ikifika saa saba mchana. Mteja amejaza fomu nusu saa, skrini inakuwa nyeusi, anainuka anaenda saiba ya jirani. Fundi aliyeitwa alisema bodi zimechoka, zinunuliwe nyingine. Pesa zilizokuwepo ni karo ya binti yake ya muhula wa tatu. Shangazi akaniuliza moja kwa moja, "Nyathina, niambie ukweli. Ninunue au nisinunue?"

Nikamwomba siku moja kabla ya kumjibu.

Kompyuta ya kwanza nilipoichungulia nyuma nikaona feni mpya kabisa. Ile ya zamani ilikuwa imekufa, ikabadilishwa. Lakini iliyowekwa ilikuwa inapuliza ndani badala ya kutoa nje. Na juu yake, sentimita chache tu, ndipo pawa saplai inapotolea hewa yake ya moto. Kwa hiyo hewa iliyotoka juu ilikuwa inavutwa chini na kurudishwa kwenye prosesa. Ni kama mtu anayepika amekaa upande moshi unakoelekea, kila akipepea jiko moshi unamrudia usoni.

Kujua feni inapuliza upande gani ni rahisi. Upande ulio wazi, unapoona mapanga bila kizuizi, ndio unaovuta. Upande wenye vile vijiti vinavyoshikilia mota katikati, ndio unaotoa. Feni nyingine zina mishale miwili midogo ubavuni, mmoja unaonyesha mapanga yanazunguka kwenda wapi, mwingine hewa inaenda wapi. Kama bado una shaka, kata kipande chembamba cha tishu ukisogeze karibu. Kikivutwa, inavuta. Kikisukumwa, inatoa.

Jambo la pili, lile bomba la plastiki linalofunika kipozi cha prosesa halikuwepo. Kompyuta nyingi za ofisi za aina hii hutengenezwa na feni chache tu, na plastiki hiyo ndiyo inayolazimisha hewa ipite kwenye kipozi badala ya kuzurura kwenye kasha. Mafundi huitoa wakifanya kazi na kuiacha nje kwa sababu haina waya wala skrubu, inaonekana kama urembo. Tulizikuta zote mbili stoo, ndani ya katoni ya nyaya.

Jambo la tatu, matundu ya mbele yalikuwa yamezibwa na vumbi lililochanganyika na mizoga ya wadudu wa ziwa. Mkazi wa Homa Bay hahitaji kuelezwa. Wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya maji kama moshi, upepo ukiwaleta mjini usiku wanafuata taa, na saiba yenye taa na mlango wazi ni karamu. Feni inawavuta, wanaganda kwenye wavu, vumbi linajishika juu yao, mpaka inakuwa kama blanketi.

La nne, kila kompyuta ilikuwa ndani ya kisanduku cha mbao chini ya meza, nyuma yake ukuta, mbele mlango wenye kufuli. Hewa ya moto haikuwa na pa kwenda.

Sisi tunaoandika programu tuna desturi nzuri: ukitafuta tatizo, badilisha kitu kimoja, pima, kisha badilisha kingine. Nikafanya vivyo hivyo. Nikaipa kompyuta kazi nzito ya dakika 20, chumba kikiwa na nyuzi 30, nikasoma joto la prosesa. Kama ilivyokuwa: 97. Chipu nyingi za Core za Intel hujipunguzia kasi zikikaribia 100, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Nilipogeuza feni ya nyuma itoe nje: 86. Nilipodondosha bomba la plastiki mahali pake: 79. Nilipopuliza vumbi lote la mbele: 74. Nilipoitoa kwenye kisanduku: 69. Mwisho, kwa kutosheleza wale wa "ongeza feni", nikafunga feni ya ziada mbele ikivuta ndani: 67.

Angalia hizo namba. Nyuzi 28 zilipatikana bila kununua kitu. Feni ya pesa ilileta 2. Sisemi feni ya mbele haina kazi. Ninasema ilikuja mwisho kwenye foleni.

Nikamwambia Shangazi asinunue. Karo ikaenda shuleni, fundi wa mbao akakata visanduku vile nyuma, na kompyuta zile mbili zikamaliza Juni.

Nawasikia wengine mkisema, si ungefungua tu ubavu wa kasha na kuelekeza feni ya meza? Wengi hufanya hivyo, na ukweli ni kwamba joto la prosesa hushuka. Lakini ukifungua ubavu umevunja njia. Feni za kasha sasa zinavuta hewa ya jirani yake tu, diski na kona nyingine zinabaki na hewa iliyosimama, na vumbi na wadudu wana lango la wazi. Siku feni ya meza inapoazimwa kwenda chumba kingine, unarudi ulikotoka. Ni plasta ya kidonda, itumie ukiwa na haraka, lakini usiifanye dawa.

Kuna na hili la "hewa moto hupanda juu". Ni kweli, jiko letu linafanya kazi hivyo, mlango wa chini unaingiza hewa na moto unapanda. Lakini ndani ya kasha dogo nguvu hiyo ni ndogo mno, feni moja inaishinda bila jasho. Fuata mwelekeo wa asili kwa sababu haugharimu kitu, yaani chini mbele iingie, juu nyuma itoke, ila usidhani utakuokoa feni zikipigana. Hata wakubwa walihangaika na mwelekeo. Intel ilipotoa mpango wa ATX mwaka 1995, wazo la mwanzo lilikuwa feni ya pawa saplai ivute hewa kutoka nje na kuipuliza juu ya prosesa. Baadaye wakageuza, ikawa ya kutoa. Kisha wakaleta BTX, iliyopanga vitu vyote ili hewa ya mbele ikutane na prosesa kwanza, na mwaka 2006 wakaacha kuiendeleza. Kwa hiyo usione haya ukikaa chini kufikiria hewa inakwenda wapi.

Huku Migori adui ni mwingine. Wadudu wa ziwa hatuwaoni sana, lakini vumbi la kiangazi linaingia mpaka kwenye kabati la nguo. Mashine yangu ya kazi hukompaili saa nzima bila kupumzika, kwa hiyo nimeipangia hivi: feni mbili za milimita 120 mbele zikivuta, moja nyuma ikitoa. Makusudi yangu ni hewa inayoingia izidi inayotolewa. Hapo kasha linakuwa na shinikizo kidogo, na hewa inasukumwa nje kupitia nyufa zote. Ukifanya kinyume, feni nyingi za kutoa na chache za kuingiza, kasha linavuta kupitia kila ufa, tundu la USB, mlango wa DVD, na vumbi linaingia mahali usipoweza kuweka kichujio. Ukiwa na mahali pawili tu pa kuingilia, unajua pa kusafisha.

Kichujio nacho kina bei yake. Kipande cha stokingi au neti ya mbu kinazuia vumbi, lakini kinazuia hewa pia. Kiweke kwenye eneo pana kuliko feni, si kukibana usoni pake, na ukisafishe kila wiki mbili kiangazi. Kichujio kilichosahaulika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Ukitaka kuona njia ya hewa kwa macho, washa dawa ya mbu ya kuchoma, uzungushe moshi wake nje ya kasha taratibu, mbele, ubavuni, nyuma. Moshi utakuonyesha unakovutwa na unakosukumwa. Usiuache uingie muda mrefu, sekunde chache zatosha. Ukiona moshi unaotoka nyuma unazunguka na kuingia tena ubavuni, umepata ugonjwa wako.

Na ukipuliza vumbi, chomoa stima, toa mashine nje ya nyumba, na ushike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Blowa inaweza kuyazungusha kuliko yalivyoumbiwa na kuua beringi.

Basi, kesho kabla hujaenda dukani, zunguka nyuma ya kompyuta yako na kipande cha tishu. Ni kazi ya dakika tano, na huenda pesa za feni zikabaki mfukoni.