Uzi Uliokatika
Aliyetuuzia ala hii kuukuu jijini Kampala aliiita adungu. Hatukukubali. Adungu ya Waaluri ina shingo moja iliyopinda. Hii ina mikono miwili na mti uliokingama juu, nyuzi nane, na bakuli lililowambwa ngozi ya kenge. Ni endongo ya Waganda.

Uzi mmoja ulibaki kipande. Je, ulikatwa au ulikatika? Ncha yake ilikuwa imesagika, basi ulikatika; kauli ya kutendeka ikatupeleka kwenye msasa, tukalainisha mti kabla ya kufunga uzi mwingine. Ungalikatwa, uzi mpya pekee ungalitosha. Mvumo wa nyuzi zigusapo ngozi tuliuacha, ingawa mwenzetu aliudhania kasoro. Endongo huvuma hivyo.