Urojo Haumo Kwenye Menyu

Gili Air ni kisiwa kidogo. Ukianza kukizunguka kwa miguu baada ya alasiri, magharibi haijaadhiniwa umesharudi ulipotokea. Kipo kaskazini-magharibi mwa Lombok, Indonesia, pamoja na wenzake wawili, Gili Meno na Gili Trawangan. Gari na pikipiki za mafuta hazimo. Mizigo huvutwa na farasi, watu hupanda baiskeli. Wenyeji ni Wasasak na Wabugis, Waislamu, na adhana inafika mpaka kwenye mabanda ya ufukweni yanayouza bia. Mzanzibari hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Hata vyombo vilivyopandishwa mchangani vina mirengu pande zote mbili kama ngalawa zetu, na wanahistoria wengi wanasema umbo hilo lilitufikia na mabaharia wa upande huo waliovuka Bahari ya Hindi zamani sana.

Basi nilipohamia Surabaya kikazi nikaanza kukimbilia Gili kila nikipata likizo, nilitegemea mgahawa wa pwani uwe kama wa Nungwi au Paje. Kwa macho, ndivyo ulivyo: paa la nyasi, mchanga chini, mito ya kuegemea, paka anayejua meza gani ina samaki. Kilichonishangaza ni menyu.

Piza ipo, baga ipo, spageti ipo, na chapati za maji za ndizi ambazo vijana wa mabegi ya mgongoni hawawezi kuanza siku bila ya hizo. Ukurasa huohuo, kwa herufi za ukubwa uleule, kuna nasi goreng (wali wa kukaanga), mie goreng (tambi za kukaanga), gado-gado (mboga zenye mchuzi wa karanga), na ayam taliwang, yule kuku mdogo wa Lombok anayepasuliwa, akapakwa pilipili na kitunguu thomu, akachomwa mkaani. Chakula cha wenyeji hakikutengewa kona yake ya maajabu. Meza ya kushoto wamekaa Wajerumani wanakula tempe, maana yake soya iliyoachwa ishikwe na ukungu mpaka ikagandamana kama mkate. Meza ya kulia familia kutoka mji wa Mataram, Lombok, imekuja kupunga upepo Jumapili. Mama anakula wali, watoto wanagombania baga. Zote zimetoka jiko moja.

Sasa turudi kwetu. Kiwengwa Waitaliano wamezoea kuja miaka mingi, na menyu za ukanda ule zinasomeka kama za kwao. Kusini mwa kisiwa si tofauti sana: piza, tambi, kamba, pweza wa kuchoma, na kwa bahati samaki wa nazi. Kisha mara moja kwa wiki inatangazwa "Usiku wa Mswahili", ngoma inapigwa, masufuria yanapangwa mstari mmoja juu ya moto mdogo, mgeni anapakua pilau iliyopoa. Wakati huohuo, nyuma ya jiko, wahudumu wamezunguka sinia la ugali na dagaa wa kukaanga wenye ndimu na pilipili mbichi, na harufu yake inapita ukuta. Mgeni akiuliza anaambiwa hicho ni cha wafanyakazi.

Tuna tabia ya kulaumiana kwamba tunaona haya chakula chetu. Labda haya zipo, lakini mimi naona sababu kubwa imo jikoni, na nimeipata kwa kukaa karibu na jiko la mama mmoja wa Gili Air. Wateja wote tunamwita Ibu. Mbele yake lipo jiwe la volkeno, limechongwa kama sahani yenye kina kidogo, na mchi mfupi uliopinda shingo. Hatwangi, anasugua, mkono ukienda na kurudi kama anayekuna kitu: pilipili, tungule, chumvi, na kipande cha terasi, uduvi uliochachushwa ukakaushwa ukawa mweusi na unanuka kuliko soko la samaki saa nane mchana. Anamalizia kwa ndimu. Hiyo ni sambal, na ilisagwa asubuhi. Wali wa nasi goreng nao ulipikwa mapema, ukaachwa upoe makusudi, kwa sababu wali wa moto ukiutia kwenye karai unashikana madonge. Oda ikija, karai linawekwa juu ya moto mkali, viungo vilivyosagwa vinaingia, wali, mchuzi wa soya mtamu, yai la kukaanga juu, kerupuk pembeni mfano wa papadi. Sijawahi kungoja nikaanza kutazama saa.

Pilau haipikiki hivyo. Wala biriani. Vyakula tunavyojivunia ni vya sufuria kubwa na watu wengi, vya arusi na hitima. Ukimpikia mteja mmoja aliyetokea saa kumi, ama umpe kiporo ama umweke mpaka jua lizame. Ndipo inapokuja ile saa nzima na zaidi ya kusubiri, kijana anakwenda kutafuta samaki baada ya wewe kuagiza, mkaa ndiyo kwanza unapepewa, na ukinung'unika unaambiwa "pole pole". Nimewahi kuambiwa hivyo mimi mwenyewe, mtoto wa Mkunazini, kwenye mgahawa mmoja wa pwani ya mashariki, na kijana aliyevaa fulana yenye maneno hayo.

Lakini si kila chakula chetu ni cha arusi. Wasasak wana nasi campur: wali katikati, na kuuzunguka vitu vidogovidogo vilivyopikwa asubuhi na kuwekwa kwenye kabati la kioo, tempe, mboga, yai, nyama kidogo. Mteja ananyooshea kidole, sahani inajaa. Sasa mtazame muuza urojo wa Mji Mkongwe. Bajia zipo tayari, kachori zipo, viazi vimechemshwa, mishkaki ya kuokwa, chipsi za muhogo, yai, chatne. Anakusanya kwenye bakuli, anamwagia ule urojo wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ndimu, amemaliza kabla hujatoa pesa mfukoni. Forodhani piza ya Zanzibar inakandwa na kukaangwa mbele yako. Chipsi mayai ni karai moja na dakika chache. Ufundi wa kumlisha mtu mmoja haraka tunao; tumeuacha mjini, na ufukweni tumepeleka spageti.

Sitaki mtu adhani Gili ni peponi. Menyu zao ni ndefu kupita kiasi, na mahali penye sahani themanini ujue sitini hazina ladha. Piza ya Ibu siishauri kwa mtu yeyote. Chini ya ukurasa mahali pengi kuna alama mbili za kujumlisha, ukilipa ndipo unajua kwamba ni kodi na huduma. Na moshi wa kretek, sigara zao za karafuu, unakufuata mpaka kwenye kikombe cha chai. Huo ninausamehe. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, ikaja kwetu karne ya 19, kisha kwa miongo mingi tukawauzia Waindonesia wenyewe karafuu ya kutia kwenye sigara hizo, mpaka miaka ya 1980 walipoweza kujitosheleza.

Kuhusu malipo, wenzetu wametulia. Sheria ya sarafu ya 2011 inataka rupia, na rupia ndiyo inayoandikwa. Nasi goreng ya ufukweni nimeilipia 45,000, chini kidogo ya dola 3, kwa kupiga picha kibao cha msimbo wa malipo wa QRIS kinachosoma benki zote. Kwetu menyu za dola zilizoea kuwa kawaida, mpaka 2025 serikali ilipopiga marufuku bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni.

Mtoto wa mjomba wangu ana banda la chakula Jambiani, na haya yote nimeshampigia simu nikamwambia. Hakukubali kirahisi.

"Dada, mzungu hali kitu cha rojorojo cha manjano asichokijua."

"Ukungu wa soya anakula, urojo utamshinda?"

Alicheka, kisha akaja na hoja nzito zaidi, bei. Mjini bakuli ni elfu mbili, elfu tatu. Akiandika elfu kumi, jirani atakayepita atasema ameibiwa. Akiandika elfu tatu, kodi ya kiwanja haitoki. Nilimweleza kwamba Gili wali uleule, ukiingia ndani ya kijiji, unaupata kwa nusu ya bei ya ufukweni na hakuna anayegomba, kwa kuwa kila mtu anajua pale mbele analipia kiti na bahari. Akasema watu wa Jambiani si watu wa Gili.

Tumefika hapa: ataanza na chipsi mayai, kwa sababu viazi na mayai tayari anavyo, na ataziandika juu, palepale ilipo piza, kwa shilingi. Kuhusu urojo, nimwache kwanza, masika yapite, wageni warudi.